Jani la Pilau ya Alhamisi

Phupi Qaisar alianza kununa tangu alfajiri. Aliyanunia maziwa yaliyochelewa, akazinunia njegere nilizomenya, akamnunia hata paka wa jirani aliyekuja kuota jua uani kwetu. Kununa kote huko kulikuwa kwa ajili ya mgeni wetu Jusab, ila Jusab alikuwa bado hajafika.

"Mtu anakula mkate wa uwele," alisema huku akikaanga vitunguu. "Uwele, Nuzhat. Sisi hapa Lucknow uwele tunawapa ng'ombe."

"Si wewe uliyesema ng'ombe wa Lucknow wana adabu kuliko watu wa miji mingine?"

"Usinichekeshe. Leo sitaki kucheka."

Phupi ni dada yake baba. Alinilea tangu nina miaka tisa, mama alipofariki, na kila adabu niliyo nayo kanifunza yeye. Ndiyo maana sikuweza kumkasirikia, hata aliposema kwamba jina Jusab ni Yusuf lililovunjwa pembe na watu wa jangwani.

"Halafu mbona humwiti bhai?" aliniuliza bila kugeuka. "Mwanamume wa kazini huitwa bhai. Miaka miwili sasa nasikia Jusab Sahib, Jusab Sahib. Kaka humtaki kuwa, eti?"

Niliinamia njegere zangu. Kumwita kaka sikuweza, na Phupi alikuwa ameligundua hilo kabla yangu.

Jusab Mutwa alitoka Kutch, ambako baba yake aliendesha lori kwenye machimbo ya makaa ya kahawia. Utotoni alikuwa akipasua udongo mgumu unaofunika makaa, akikuta ndani yake majani yaliyolala humo tangu kabla ya binadamu kuwako. Alikuja Lucknow na sanduku la bati, nusu nguo na nusu mawe, akapewa meza chumba kimoja na mimi katika taasisi ya visukuku.

Kazi yetu ilikuwa ngozi za majani. Jani la miaka milioni hamsini limepoteza rangi, limepoteza nyama yake, lakini lile koti lake jembamba la nta hubaki. Unaloweka kipande kwenye asidi hadi weusi utoke, unakisafisha kwa maji taratibu, na mwisho kinaelea kitu chepesi kuliko ganda la kitunguu. Ukikiweka kwenye kioo chini ya hadubini, unaona matundu ambayo jani lilipumulia, na vijumba vyake vilivyopangana kama vigae vya sakafu. Kila mti una mpangilio wake. Baba yangu alizoea kusema kwamba mti unaweza kukudanganya kwa umbo na kwa ukubwa, lakini hauwezi kubadili ngozi.

Mimi nilikuwa mwenye asidi na maji. Jusab alikuwa mwenye hadubini. Tulipendana hivyo hivyo, mmoja akisafisha na mwingine akitazama, bila kuambiana neno kwa mwaka mzima. Siku alipolisema hatimaye, alilisema akiwa ameinamia hadubini, kwa sababu aliogopa kunitazama. "Nuzhat, nikija kwenu nitafukuzwa?" Nikamwambia aje tu, kufukuzwa tutakujua hapo hapo.

Abbu, baba yangu, Dokta Irtiza, aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne. Sasa alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Nilipompelekea habari ya posa, hakuuliza nyumba wala shamba.

"Aje Jumapili ale nasi," alisema. "Aje na slaidi yake moja, ile anayojivunia kuliko zote. Mtu anaweza kunipamba kwa maneno. Slaidi yake ikiwa ya kweli, nitampa binti yangu. Ikiwa ya uongo, tutakula naye na ataondoka kwa heshima."

Slaidi aliyojivunia Jusab ilikuwa namba kumi na tisa. Alikuwa ameona ndani yake aina mpya ya mdalasini wa kale, jani ambalo hakuna aliyewahi kuliandika, na Jumatano iliyokuwa ikija angelieleza mbele ya wataalamu kutoka pande zote za nchi. Mkataba wake ungeisha mwezi Machi. Kwa jani lile angeajiriwa moja kwa moja; bila lile angerudi Kutch na sanduku lake la bati. Kwa hiyo ndoa yangu na riziki yake vilikuwa vimekalia kipande cha ngozi kisichozidi ukucha wa kidole kidogo.

Alifika saa saba kasorobo, amevaa sweta lililomwishia juu ya viganja, ameshika mkebe wa samli.

"Mama amewaletea," alisema. "Ya nyati wetu."

Phupi aliufungua mkebe mlangoni pale pale, akanusa. Nilimwona akitafuta kasoro na kuikosa. Akajirudi, akasogea kando ya mlango kwa madaha. "Karibu, mwanangu. Tafadhali, wewe kwanza."

Kwetu Lucknow, mtu akikuambia wewe kwanza, unakataa. Unasema hasha, wewe kwanza, naye anakataa, na mnaweza kusimama mlangoni mpaka chai ipoe. Jusab alisema asante akaingia. Phupi alinitazama kwa jicho lililosema, umeona?

Abbu alikuwa ameketi dirishani kwenye jua, na ile hadubini yake ya shaba mezani. Pembeni lilisimama kabati la ngozi za miti iliyo hai, ya kulinganishia, mwembe, mwarobaini, mpera, kila kioo na karatasi yake. Nilijifunza kusoma kwa kabati lile kabla ya kujua vitabu. Watoto wa wenzake walicheza gololi. Mimi niliulizwa, hili ni jani gani?

"Salamu, Dokta Sahib." Jusab alisimama mbele yake.

"Wa alaikum salaam. Keti. Umeileta?"

Jusab alitoa kioo kwenye leso, akakiweka chini ya hadubini. Abbu alipapasa hewani akanipata mkono.

"Nuzhat, njoo uwe macho yangu. Niambie unaona nini. Usiniambie alichokuambia yeye, niambie unachokiona."

Niliinama. Ile slaidi niliisafisha mimi, lakini sikuwahi kuitazama vizuri; siku ile nilikuwa na vipande thelathini, nikampa Jusab vioo na namba zake. Sasa nilirekebisha mwanga, na ngozi ya jani ikanijia wazi, safi, haina hata mpasuko mmoja. Ilikuwa safi mno. Jani lililokandamizwa na mlima kwa miaka milioni hamsini halitoki hivyo.

Nikaangalia matundu, nikaangalia vijumba, na vile vidoa vya mafuta vilivyotawanyika. Mpangilio ule niliujua tangu nina miaka saba. Ulikuwa kwenye kabati la Abbu, safu ya tatu, na ulikuwa jikoni kwetu ndani ya kopo la bati. Lilikuwa tejpat, jani la mdalasini tunalotia kwenye pilau.

"Haya?" alisema Abbu.

Niliinua kichwa. Jusab alikuwa akinitazama kwa furaha, kama mtu anayengoja nimsomee barua yake kwa sauti. Abbu hakuona kitu. Neno moja tu, naam, na mimi ningekuwa mke wa mtu. Phupi alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, na huyo ndiye aliyenifunza kwamba mgeni hakosolewi chini ya paa lako hata akimwaga mchuzi kwenye zulia.

"Abbu," nilisema, "chakula kinapoa. Tunawe kwanza."

Abbu aliinamisha kichwa kidogo. "Tunawe," alisema.

Nilichukua birika na beseni nikatoka uani. Kumnawisha mgeni ni kazi ya binti wa nyumba, na ndiyo nafasi pekee ambayo Phupi hangeweza kuniingilia. Jusab alikunja mikono ya sweta. Nikammiminia maji polepole kuliko kawaida.

"Mbona hukumjibu?" alinong'ona. "Umelionaje?"

"Jusab Sahib, unaikumbuka ile Alhamisi umeme ulipokatika?"

"Naikumbuka. Ulileta pilau."

"Tulikula wapi?"

"Mezani. Kwenye..." Mikono yake ikasimama chini ya maji. "Dirishani, penye visahani vya asidi."

"Lile jani ulilolitoa kwenye wali uliliweka wapi?"

Niliona likimjia taratibu, kama lilivyonijia mimi. Alikuwa ameliweka ukingoni mwa kisahani kwa sababu hapakuwa na pengine. Likateleza ndani, nami nikarudi mbio kazini, nikamimina asidi kwenye visahani vyote thelathini bila kutazama. Kile kipande cha kweli cha namba kumi na tisa kiliyeyuka chote, kama vinavyoyeyuka vile vyembamba, kikabaki kipande cha tejpat kilichopikwa, cha kahawia, kinachofanana na kisukuku.

"Ni tejpat," alisema. Sauti haikuwa na hasira. "Wiki tatu nalitazama. Nimeliandikia kurasa kumi na mbili."

"Ni kosa langu. Mimi ndiye niliyemimina."

"Mimi ndiye niliyeweka. Na ni mimi niliyekwambia tule pale, kwa kuwa palikuwa na jua na nilitaka kukuona vizuri." Alichukua taulo. "Usiseme kitu. Nitasema mwenyewe."

"Ukisema, umekwisha. Abbu alisema..."

"Najua alichosema."

"Anaweza asijue, Jusab. Haoni." Nimeona aibu ya sentensi hiyo hadi leo, lakini niliisema. Nilimtaka mno.

Alinitazama, na ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni bila kukwepa. "Ungependa uolewe kwa jani la pilau?" aliuliza taratibu. "Mimi nisingeweza kumtazama baba yako. Wala wewe."

Akaingia ndani. Mimi nilibaki na beseni, nikalia kidogo, nikajifuta, nikamfuata.

Phupi alikuwa amepakua. Pilau ilifuka moshi, na juu yake, kama kwa kusudi, jani zima la tejpat lilikuwa limelala kwenye sahani ya Abbu. Jusab hakuketi.

"Dokta Sahib, kabla sijala chumvi yako. Slaidi ile si kisukuku. Ni jani la mdalasini, kama hilo lililo kwenye sahani yako. Nilikula mezani pa kazi, likaingia kwenye kisahani, na mimi nikaliamini kwa sababu nililitamani. Kesho nitapiga simu kuiondoa makala yangu. Samahani kwa kukupotezea Jumapili."

Phupi aliweka mwiko chini. "Nilisema mimi," alisema, ingawa bila ile raha niliyoitarajia. "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Qaisar, subiri," alisema Abbu. Akageukia upande wa sauti ya Jusab. "Nani aliyeligundua?"

"Mwenye macho kuliko mimi."

"Na pilau ilikuwa ya nani?"

Jusab alinitupia jicho mara moja tu. "Ya kununua," alisema. "Ya hotelini, karibu na stesheni."

Ule ulikuwa uongo wa kwanza niliowahi kumsikia akisema, na ulikuwa kwa ajili yangu. Aliipoteza slaidi, akaipoteza kazi, na sasa alikuwa anatoa hata ule ukweli uliobaki mkononi, ili Phupi asijue kwamba kila Alhamisi kwa miezi saba nilikuwa nabeba chakula cha nyumba hii kwenda kumlisha mwanamume. Nilijawa na shukrani. Nikajua pia kwamba nikinyamaza nitakuwa nimekula shukrani hiyo bila kuilipa.

"Si ya hotelini, Abbu," nilisema. "Pilau ilikuwa yangu. Niliipika hapa nikampelekea. Kila Alhamisi. Na asidi nilimimina mimi bila kutazama. Kosa ni la wawili."

Jusab alifumba macho.

"Kila Alhamisi," alirudia Phupi. "Na mimi najiuliza mchele unaliwa na panya gani."

"Phupi, nisamehe."

"Mlikula sahani moja?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Mapenzi ni kikohozi," alisema Phupi akijipigia paji la uso. "Hayafichiki. Na mimi nilikuwa nakutilia dawa ya kikohozi kweli kweli, maana ulikuwa hulali."

Abbu alikuwa amelipata lile jani kwenye sahani yake kwa ncha za vidole. Aliligeuza, akalinusa.

"Miaka thelathini na minne," alisema, "nimekosea majani mengi. Mawili nilionyeshwa baada ya kuchapishwa, na aliyenionyesha alifurahi kunionyesha. Moja nilionyeshwa kabla. Mama yako, Nuzhat. Alikuwa akiniandikia karatasi za vioo nyumbani hapa, na alikuwa hajasoma zaidi ya darasa la nane. Usiku mmoja akaniambia, hili si jani la mkangaga wako wa kale, hili ni lile la uani kwa jirani. Nilinuna wiki nzima. Baadaye nikasahihisha, nikasifiwa kwa umakini wangu." Alilirudisha jani sahanini. "Sikumwambia asante. Nilikuwa nikisema nitamwambia. Jusab."

"Sahib."

"Umemshukuru?"

"Bado. Nilikuwa na aibu."

"Aibu itaisha yenyewe. Mshukuru upesi."

Kisha akaniagiza nilete ile slaidi, wino na karatasi ndogo za kabatini. Nilidhani anataka kuirudisha. Akaniketisha kando yake, pilau ikipoa mbele yetu.

"Toa karatasi yake ya zamani. Tunaandika mpya, ikae safu ya tatu na ndugu zake. Andika, tejpat. Umri?"

"Wiki tatu," alisema Jusab kwa sauti ndogo, na Abbu akacheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu macho yake yaingie ukungu.

"Wiki tatu. Lilipopatikana?"

"Sahanini," nilisema.

"Andika sahani moja, watu wawili. Mkusanyaji, Jusab Mutwa wa Kutch. Aliyelitambua, Nuzhat. Hapo baada ya Nuzhat acha nafasi."

"Nafasi ya nini, Abbu? Si huwa naandika Nuzhat Irtiza?"

"Nafasi ya jina litakalokuja. Kioo hiki kitakaa kabatini miaka mia. Sitaki kifutwefutwe."

Niliacha nafasi. Jusab alikuwa bado amesimama, hajui kama ameelewa sawasawa.

"Lakini Dokta Sahib, sina jani tena," alisema. "Na Machi..."

"Una visahani vingine ishirini na tisa. Kutch haijaisha makaa. Ukitafuta miaka miwili, tutangoja miaka miwili. Ukiajiriwa Agra au ukirudi kwa nyati wa mama yako, binti yangu anajua kusafisha majani popote penye maji. Mimi niliuliza slaidi yako inasema kweli au uongo. Ilisema uongo, na wewe ukaisahihisha. Keti ule."

Phupi alichukua sahani ya Jusab, akaipakulia mwenyewe, akachagua paja la kuku nono kuliko yote, akaongeza na kijiko cha samli ya yule nyati, akamsogezea.

"Haya, mwanangu. Wewe kwanza."

Jusab aliitazama sahani, akanitazama mimi, akaisukuma polepole kurudi kwake.

"Hasha, Phupi. Wewe kwanza."

"Hapana, wewe."

"Haiwezekani. Wewe."

Phupi alijifuta macho kwa pembe ya mtandio, akisingizia vitunguu vilivyokaangwa tangu asubuhi. Walisukumana ile sahani mara nne, wali ukawa baridi kabisa, na hakuna aliyelalamika. Nilimshukuru Mungu kwa wali ule wa baridi kuliko kwa karamu yoyote niliyowahi kula.

Baada ya kula nilichukua tena birika na beseni. Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Jusab alikunja mikono ya sweta, nikammiminia maji, na safari hii sikuhitaji kunong'ona.

"Asante," alisema.

"Ya nini?"

"Jumatano ningesimama mbele ya watu mia tatu kuwasifia pilau yako."

"Ilikuwa tamu?"

"Ilikuwa tamu sana," alisema. "Alhamisi utaleta?"

"Nitaleta. Ila tutakula nje."